Usukani Ukiwa Mzito, Uliza

Leo ninayo sentensi moja ambayo imewagharimu watu pesa nyingi hapa Kigali, na naamini imewagharimu pia walio Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Mnunuzi ameketi kwenye kiti cha dereva cha gari la michezo lililotumika. Milango miwili, kiti kiko chini karibu na lami, mlio wa injini unasahaulisha bei. Amelitoa getini, amekata kona ya kwanza, na mikono yake imemwambia jambo: usukani huu ni mzito. Anamgeukia mwenye gari, au dalali aliyeketi pembeni, na jibu linakuja palepale: "Magari haya ndivyo yalivyo."

Hatari ya sentensi hiyo ni kwamba mara nyingine ni ya kweli. Ingekuwa uongo siku zote, tungeizoea na kuikataa. Lakini yapo magari ya michezo ambayo kiwanda kiliamua yawe na usukani mzito, na yapo mengine ya aina hiyohiyo na mwaka huohuo ambayo uzito wake ni ugonjwa. Muuzaji mwaminifu na muuzaji mjanja wanatoa jibu moja, kwa sauti moja. Kwa hiyo msimamo wangu leo ni huu: uzito wa usukani ni swali, na swali hilo lina jibu linaloweza kupatikana kabla hujalipa hata faranga moja. Anayelipa kabla ya kulipata amekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuzungumze tukiwa Nyarutarama, kwa sababu mtaa huu wa Kigali unafundisha. Hapa wanaishi wanadiplomasia, wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa na wafanyabiashara wenye uwezo. Wageni wengi huja kwa mkataba na huondoka mkataba unapoisha, na gari huuzwa katika wiki zile za mwisho za kufunga mizigo. Ndiyo maana gari ambalo hulioni likiuzwa kwingineko mjini unaweza kulikuta huku, limefunikwa turubai nyuma ya geti, limetembea kidogo na kusimama sana. Na hamu ipo. Desemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu na kutoa tuzo zake hapahapa Kigali. Max Verstappen alikuja kupokea kombe lake la ubingwa, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Kijana aliyeyaona hayo na sasa ana akiba yake benki, si ajabu akatamani gari la kasi. Simlaumu. Namtaka tu anunue gari, asinunue hadithi.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania hawana haja ya kuliwaza. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani uko kushoto, na gari dogo lenye usukani wa kulia haliruhusiwi kuingizwa nchini. Magari ya Japani yanayojaa Mombasa na Dar es Salaam hayawezi kuja kwetu jinsi yalivyo. Mengi ya kwetu hutoka Ulaya na Falme za Kiarabu. Na kule Falme za Kiarabu kumekuwepo karakana zinazochukua gari la Kijapani la usukani wa kulia na kuuhamishia kushoto. Gari la namna hiyo nguzo yake ya usukani mara nyingi imekatwa, imeunganishwa upya, na viungo vyake huenda havikai katika pembe ambazo wahandisi walizikusudia. Kiungo kikikaa vibaya, usukani unakaza. Kwa hiyo, kabla hata ya kuwasha injini, kagua kama gari lilizaliwa na usukani kushoto. Tazama waipa zinafagia kuelekea upande gani. Tazama ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, kama una matundu yaliyozibwa. Tazama mishono ya dashibodi. Washa taa usiku mbele ya ukuta uone mwanga unapanda upande upi. Gari lililohamishwa usukani lina historia ambayo muuzaji anapaswa kukusimulia yeye mwenyewe, bila kusubiri uulize.

Sasa tuutendee haki uzito wa halali, kwa maana upo.

Mhandisi wa Kimarekani Francis Davis alionyesha usukani unaosaidiwa na mafuta yenye presha mwaka 1926, lakini ilichukua robo karne kabla ya Chrysler kuuza gari la kwanza la kawaida lenye msaada huo, Imperial ya 1951. Sisi tunauita pawa steringi. Magari makubwa ya kifahari yaliupokea haraka. Watengenezaji wa magari ya michezo walisita, na sababu yao ilikuwa ya maana. Mikono ya dereva hupata habari za barabara kupitia usukani. Tairi la mbele linapokaribia kupoteza mshiko, usukani hulegea kidogo mikononi kabla gari halijaanza kuteleza. Msaada wa mafuta, hasa ule wa zamani, ulikuwa ukiifuta habari hiyo. Porsche 911, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ilikaa bila pawa steringi mpaka kizazi cha 964 kilipokuja mwaka 1989. Honda NSX ya 1990 yenye gia za mkono haikuwa nayo. Yenye gia za kujiendesha ilipewa ya umeme. Lotus Elise ilianza mwaka 1996 ikiwa na uzito wa kilo 725 hivi, na mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2021 haikupewa pawa steringi. Alfa Romeo 4C, gari la juzi tu, lilikaa sokoni kuanzia 2013 hadi 2020 bila msaada wowote kwenye usukani.

Nasi Afrika Mashariki tunayo kumbukumbu yetu. Mwaka 1971 na tena 1973, mashindano ya magari ya Safari yalishindwa na Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lililotoka kiwandani bila pawa steringi. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, akiwa na msomaji wake wa ramani Lofty Drews. Mehta aliendelea hadi akafikisha ushindi mara tano, wa mwisho mwaka 1982. Fikiria maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mawe, na usukani unaokuletea kila shimo mpaka mabegani. Hakuna aliyesema gari lile ni bovu. Uzito wake ulikuwa sehemu ya kazi, na dereva alijua unatoka wapi.

Unatoka wapi, basi? Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala ukielekea nyuma kwa juu. Magurudumu ya mbele ya gari nayo hugeukia kwenye mhimili uliolala hivyo, na ulalo huo ndio unaofanya gurudumu litake kurudi kwenye mstari ulionyooka kila ukilikunja. Ukilaza mhimili zaidi, gari linatulia zaidi kwenye kasi, na usukani unakuwa mzito zaidi. Gari la michezo hulazwa zaidi. Ongeza tairi pana, ambalo lina mpira mwingi wa kusugua lami. Ongeza usukani wenye duara dogo na reki ya haraka, ambayo kwa mzunguko mdogo inakunja magurudumu sana. Mkono unafanya kazi ileile kwa safari fupi, kwa hiyo unatumia nguvu zaidi. Hayo yote ni maamuzi ya mhandisi. Siku hizi kuna pia kitufe cha kuchagua hali ya michezo, ambacho kwenye magari mengi yenye pawa ya umeme hupunguza msaada makusudi ili dereva ahisi uzito. Kabla ya kulalamika, angalia kitufe hicho kimewekwa wapi.

Lakini msikilizaji, uzito wa halali una tabia zake, na tabia hizo hazibadiliki. Ni mkubwa gari likiwa limesimama, na hupungua mara tu magurudumu yanapoanza kuzunguka. Mita mbili tatu tu zinatosha kuhisi tofauti. Ni sawa kulia na kushoto. Ni sawa mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, hauna sehemu ngumu na sehemu laini. Na jambo kubwa kuliko yote, usukani wenye uzito wa halali unarudi wenyewe. Ukitoka kwenye kona ukalegeza viganja, unateleza mikononi mwako na kurudi katikati, kwa utulivu, bila kusukumwa. Kumbuka nilivyosema: ulalo uleule unaouzidishia usukani uzito ndio unaourudisha. Kwa hiyo usukani mzito usiorudi unajipinga wenyewe. Kuna kitu kinachoushika.

Kitu gani? Hapa ndipo fundi mzuri hupata heshima yake. Tuanze na kilicho rahisi, kwa sababu mara nyingi ndicho chenyewe. Upepo wa matairi. Gari lililosimama miezi chini ya turubai linakuwa na matairi yaliyopungua upepo, na tairi laini huongeza uzito wa usukani kuliko watu wanavyodhani. Omba yajazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, kisha ujaribu tena. Tatizo likiisha hapo, mshukuru Mungu na uendelee na ukaguzi mwingine.

Likibaki, uliza pawa yake ni ya aina gani. Ya mafuta ina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo nguvu yake inafuata mzunguko wa injini. Usukani ukiwa mzito injini ikinguruma taratibu, kisha ukawa mwepesi ukiikanyagia kidogo, pampu imechoka au mkanda umelegea. Mkanda uliolegea hulia kwa sauti nyembamba unapokunja hadi mwisho. Pampu yenye njaa ya oili huguna, mguno mnene unaopanda na kushuka pamoja na usukani. Fungua kikopo cha oili ya pawa. Chovya ncha ya kidole, paka kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima inaonyesha rangi yake. Iliyochoka ni nyeusi na ina harufu ya kuungua, na yenye mapovu imeingiza hewa. Ulizia pia imewekwa oili gani, maana baadhi ya magari ya Ulaya yana oili yake maalumu, na ukiweka ile nyekundu ya kawaida unaharibu sili za ndani pole pole. Kisha inama uangalie sakafu pale gari lilipolala, kama kuna oili iliyodondoka.

Pawa ya umeme haina oili. Ina mota, na mota inategemea betri na altaneta. Gari lililosimama muda mrefu likiwa na betri dhaifu linaweza kutoa usukani mzito ambao utapona kwa betri mpya. Lakini linaweza pia kuwa na mota iliyochakaa au kifaa cha kupima nguvu ya mkono kilichoharibika, na hapo gharama ni nyingine kabisa. Tazama dashibodi wakati wa kuwasha swichi: taa ya usukani inapaswa kuwaka pamoja na nyingine, kisha izimike. Isiyowaka kabisa ina maswali, kwa sababu wapo wanaoing'oa taa badala ya kutibu ugonjwa. Na yapo magari yanayojulikana kwa tabia zake. BMW Z4 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuja na pawa ya umeme, na wenye magari hayo wanajua vizuri kwamba baadhi yake hunata katikati gari likipata joto: unakunja kidogo, usukani unagoma, kisha unaachia ghafla. Asubuhi na mapema usingelihisi jambo hilo. Ndiyo sababu jaribio la dakika tano halitoshi.

Upo uzito usiohusiana na pawa kabisa. Usukani ukiwa mzito, ukawa mwepesi, ukawa mzito tena ndani ya mzunguko mmoja, fikiria kiungo cha nguzo ya usukani kilichoota kutu au kukaa vibaya. Ukiwa haurudi katikati na springi inalia unapokunja gari likiwa limesimama, fikiria beringi ya juu ya shokapu. Ukiwa mzito upande mmoja tu, fikiria reki inayovuja ndani, au breki inayong'ang'ania gurudumu moja, au gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa. Bolijointi zilizokauka na tairodi zilizopinda nazo zimo kwenye orodha. Na usisahau rimu. Mtu akifunga rimu kubwa zilizochomoza nje ya mudigadi kwa ajili ya sura, amebadilisha hesabu yote ya pale gurudumu linapogusa lami, na mkono wako ndio unaolipa.

Sasa tulitoe gari barabarani. Mwambie mwenye gari mapema kwamba unataka kulikuta injini ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye boneti unapofika. Likiwa la moto, uliza kwa upole ni kwa nini, na ikibidi rudi kesho.

Injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa ili kufuli la usukani liachie, shika usukani kwa nguvu kidogo ya kuukunja, kisha washa. Kama pawa ni nzima, usukani utalegea na kusogea mkononi wakati injini inashika. Usiposogea, gari hilo halina pawa, au pawa yake haifanyi kazi. Hapo unamuuliza mwenye gari swali moja: lilitoka kiwandani likiwa nayo? Jibu lake utalihakiki kwa namba ya chesisi, maana majarida na vitabu vya mwenye gari vinaeleza wazi. Kisha, gari likiwa limesimama, kunja pole pole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Usiushikilie mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, unaitesa pampu. Sikiliza. Hisi kama kuna vidato.

Toka sasa. Nyarutarama na mitaa inayouzunguka inakupa kila aina ya barabara ndani ya mwendo mfupi. Anzia kwenye mawe yaliyopangwa, yale ambayo Kigali inayo katika mitaa yake mingi ya makazi. Kwenye mawe usukani mzima unakutetemesha viganja kwa namna iliyo sawa. Ukisikia kugonga, tok, tok, kila unapovuka kiungo, kuna kitu kimelegea. Kisha nenda upande wa uwanja wa gofu. Mashabiki wa baiskeli wanaujua mwinuko wa hapo, kwa sababu ulikuwemo katika mzunguko wa mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika: mita 800 hivi kwa wastani wa asilimia 8. Upande kwa gari, lakini usitoe hukumu ukiwa unapanda. Gari linapopanda na kukaza mwendo, sehemu ya uzito wake husogea nyuma, pua inakuwa nyepesi, na usukani nao. Anayekuchagulia njia ya kupanda tu amekuonyesha nusu ya gari. Geuza, shuka. Unapogusa breki kwenye mteremko, uzito unakuja mbele, matairi ya mbele yanabebeshwa, na usukani wenye ugonjwa unajitambulisha. Chukua kona pana ukiwa kilomita 40 kwa saa, legeza viganja bila kuuachia usukani, uone kama unarudi. Rudia upande wa pili. Kasi kubwa huna haja nayo. Zile kamera za kupima mwendo tunazoziita Sofia zimetufundisha nidhamu, na ukweli ni kwamba usukani mbovu hujionyesha zaidi kwenye mwendo mdogo.

Endesha hivyo mpaka sindano ya joto itulie, kisha uongeze nusu saa. Halafu rudi mahali pa kuegesha, fanya lile jaribio la kukunja pande zote mbili kwa mara nyingine, ulinganishe. Uzito uliobadilika kati ya baridi na moto ni habari muhimu kuliko uzito wenyewe.

Baada ya hapo, kama gari bado linakuvutia, lipeleke kwa fundi wako. Nasema wako, si wa muuzaji. Gatsata kuna gereji na maduka ya spea ya kila aina, na mafundi wanaofahamu chuma kwa kukigusa. Mwombe alipige jeki mbele, magurudumu yaelee, injini izimwe, akunje usukani kwa mkono. Jaribio hili moja linaondoa ubishi mwingi. Usukani ukiwa mwepesi magurudumu yakiwa hewani, uzito unatoka chini: matairi, upepo, alaimenti, au msaada wa pawa uliopungua. Ukibaki mzito hata hewani, uzito umo ndani ya viungo, nguzo au reki. Fundi anaweza kuiachanisha tairodi upande mmoja, kisha mwingine, na kumfuata mwizi hadi chumbani kwake. Baada ya hapo alaimenti ipimwe kwa mashine na uombe karatasi yenye namba. Namba za kushoto zikitofautiana sana na za kulia, na marekebisho yamefika mwisho, gari hilo huenda liligongwa.

Wapo watakaosema: gari lina cheti cha ukaguzi wa polisi wa kule Remera, kontoroli tekniki limepita, yanini yote haya? Naheshimu ukaguzi huo, umeondoa barabarani magari mengi yasiyofaa. Lakini cheti kinasema gari lilikidhi masharti siku ile. Hakisemi reki itadumu miezi mingapi, wala hakisemi kama uzito unaouhisi ni wa kiwandani. Hayo ni ya kwako kuyatafuta.

Na kwa nini nayasisitiza kwa kiasi hiki? Kwanza kwa ajili ya mfuko. Spea ya Toyota ya kawaida utaipata mjini leo hii. Reki ya gari la michezo huenda ukaiagiza Ulaya au Dubai, ukalipia usafiri na ushuru, na gari likakaa gereji wiki nyingi. Aliyepata punguzo kwa sababu hakuuliza maswali ataona punguzo lile limemezwa na kipuri kimoja.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa ajili ya wengine. Mkanda wa pampu ukikatika kwenye kona, magurudumu bado yanafuata usukani, maana kiungo cha chuma kipo palepale. Lakini uzito unakuja wote kwa mara moja, na dereva asiyeutegemea anapoteza sekunde moja akishangaa. Katika sekunde moja, kwa kilomita 60 kwa saa, gari limekwenda zaidi ya mita 16. Mita 16 kwenye barabara zetu zina mtu wa pikipiki aliyebeba abiria, zina mama anayevuka na mtoto mgongoni, zina wanafunzi wanaotoka shule. Hao hawakujadili bei nawe. Hawakusikia muuzaji alisema nini. Usukani ni ahadi yako kwao kwamba gari litakwenda unakoliambia liende.

Kwa hiyo nina neno kwa wanaouza pia. Wewe unayefunga mizigo Nyarutarama na kuacha gari lako ulilolipenda, andika unachokijua. Kama halikuwahi kuwa na pawa, onyesha kitabu. Kama ulibadilisha pampu, toa risiti. Kama usukani ulihamishwa upande, sema. Kama unanata likipata joto, sema hilo pia na upunguze bei kwa haki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari lenye karatasi zake na mwenyewe asiyeogopa maswali halihitaji dalali wa kulisifia. Nanyi madalali, jueni kwamba mnunuzi aliyeridhika huwaleta ndugu zake watatu, na aliyedanganywa huwaonya thelathini.

Mwisho, ndugu msikilizaji, huenda unasikiliza ukisema mambo haya ni ya wenye magari ya kifahari, wewe una Corolla yako ya familia au unaendesha gari la kazini. Sheria za usukani hazichagui bei. Kesho asubuhi kabla ya kutoka, pima upepo wa matairi yote manne likiwa bado baridi. Angalia kikopo cha oili ya pawa kama kipo. Kunja kushoto na kulia polepole, sikiliza, na kwenye kona ya kwanza uone kama usukani unarudi wenyewe. Ukiona umebadilika kuliko ulivyouzoea, usiuzoee upya. Pitia kwa fundi siku hiyohiyo, kabla ya safari ya Musanze au Huye, na umwambie hasa ulichokihisi: mzito lini, upande gani, ukiwa baridi au moto. Maelezo hayo matatu yanamwokolea nusu ya kazi, na wewe nusu ya gharama.